CHURA HUYU NA YULE: NI MMOJA AO NI WAWILI?

Ndugu msomaji, tuanze na jambo lililotokea katika kambi moja ya wafanyakazi, siku chache mbele ya mvula ya kwanza. Jina la kambi tunaliacha, na majina ya watu vilevile, maana wangali wanaishi pamoja katika lupango moja.

Mtoto mdogo alikuwa na homa. Magaribi, mama yake akaona chura wa rangi ya udongo amejibandika juu ya ukuta, karibu na kitanda. Hakuruka, hakulia. Alikaa tu, macho wazi. Mama alimtazama muda mrefu, mtoto mikononi. Kisha baba akaja na fagio, chura akatoka kwa dirisha.

Kesho yake saa sita ya mchana, jua kali, watoto wakapiga kelele. Juu ya mti wa uzio kulikuwa chura mweupe sawa karatasi.

– Ile ya jana ilikuwa nyeusi-nyeusi, akasema mjomba. Hii iko mweupe. Beko babili! Moya ya usiku, moya ya muchana. Kuko mutu anabatuma.

Unajua, msomaji, neno kama lile linakwenda wapi. Katika lupango ile kulikuwa mtu mmoja tu ambaye macho yote yalimgeukia: nkambo, mjane, ambaye usiku analala kidogo na mara nyingine anasema peke yake. Mbele jua halijashuka, mkeka wake ulikuwa umetupwa inje. Na mtoto mwenye homa? Siku ile nzima hakuna aliyempeleka kwa kituo cha afya. Watu walikuwa na kazi ya kutafuta mchawi.

Tutarudi kwa nkambo. Lakini angalia kwanza jambo hili: kesi yote ilisimama juu ya ulizo moja. Chura wa usiku na chura wa mchana, ni wawili ao ni mmoja? Ni ulizo zuri. Wenye elimu ya viumbe wanaliuliza kila siku, na wamefanya makosa mengi kabla ya kujifunza namna ya kulijibu. Leo tunataka weye kijana, na weye mama, baba, mjifunze pamoja nasi.

MAKOSA NI MAWILI

Katika nchi yetu ya Katanga, mvula ikianza kunyesha, mabonde yenye majimaji, yale tunayoita dembo, yanajaa sauti usiku. Wengi wetu tunasema tu: ni vyura. Lakini wale wanaopanda juu ya matete, majani na miti si wa namna moja. Wale wadogo wa matete peke yao, ambao wataalamu wanawaita Hyperolius, katika Afrika nzima wamepita aina 130. Wengi hawapiti urefu wa kidole gumba.

Mtu anayetaka kuwatambua anaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza: kuona chura mmoja na kufikiri ni wawili, kwa sababu amebadili nguo. Ya pili: kuona vyura wawili na kufikiri ni mmoja, kwa sababu wamevaa nguo moja. Anayejua makosa haya mawili amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

MMOJA MWENYE NGUO NYINGI

Chukua vyura wa matete wa kundi la Hyperolius viridiflavus, ambao wanapatikana katika mabonde mengi ya mashariki na kusini mwa Afrika. Mtoto wao akitoka majini anakuwa wa rangi ya kahawia, na mistari miwili mieupe juu ya mgongo. Jike akikomaa anavua nguo ile na kuvaa nyingine yenye rangi kali: madoa, mistari, mara nyingine nyekundu miguuni. Dume je? Madume wengine wanavaa sawa jike, wengine wanabaki na nguo ya utoto mpaka kufa, na wote wanaimba pamoja juu ya tete moja. Mtaalamu wa Denmark, Arne Schiøtz, aliyechunguza vyura wa miti wa Afrika kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu yao mwaka 1999, ndiye aliyeeleza vizuri nguo hizi mbili: ya utoto na ya ukubwa. Mbele ya hapo, mara nyingi dume, jike na mtoto walipewa majina matatu mbalimbali, sawa vile si jamaa.

Tena, kundi hili linabadilika kutoka bonde mpaka bonde. Huku wana mistari, kule wana madoa. Wataalamu wamebishana miaka na miaka: ni aina moja yenye nguo nyingi, ao ni aina nyingi? Mpaka leo hawajakubaliana katika yote. Basi usione haya ukichanganyikiwa.

Rangi inabadilika pia kwa saa. Chura aliyekuwa kahawia usiku anaweza kuwa mweupe juani. Kwa nini? Kwa sababu ileile inayokufanya weye uchague shati jeupe siku ya jua: rangi nyeupe inarudisha mwangaza na joto. Ndani ya ngozi yake kuna chembe ndogo sana zinazong'aa. Akizipanga hivi, anaonekana mweusi. Akizipanga vile, anaonekana mweupe.

Fundi mkubwa wa jambo hili ni chura wa kijivu wa miti, jina lake la kitaalamu Chiromantis xerampelina. Anaishi katika misitu yenye miti ya kuachana-achana, sawa miombo yetu. Wakati wa kiangazi anaweza kukaa juu ya tawi kavu, juani, pale ambapo chura mwingine angekauka kabisa. Ngozi yake haipotezi maji kwa urahisi, na mkojo wake si majimaji tu sawa wa vyura wengine, ni mzito, sawa wa ndege na mijusi, kusudi maji yabaki mwilini. Tena anapenda nyumba. Anaingia, anajibandika juu ya ukuta ao chini ya paa, na anakaa. Usiku ni kijivu ao kahawia. Mchana kwenye joto ni mweupe sawa chokaa.

Umekwisha kumfahamu, sivyo?

WENGI WENYE NGUO MOJA

Sasa kosa la pili. Katika dembo kuna vyura wadogo wa kijani, wembamba, pua imechongoka, urefu sentimeta mbili na kitu. Ukiwamulika na torshi, ngozi yao inapitisha mwangaza. Unaweza kuokota kumi katika nchi mbalimbali, ukawapanga mezani, na mtu yeyote atasema: hawa ni ndugu wa tumbo moja. Ndilo kundi la Hyperolius nasutus.

Miaka mingi wengi waliwaita kwa jina moja ao majina machache tu. Mwaka 1943 Mbelgiji Raymond Laurent, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa vyura wa Kongo, alimpa mmoja wao jina la Hyperolius nasicus. Yule alitoka hapa kwetu, katika milima ya Marungu, karibu na ziwa Tanganyika. Watu waliulizana: kweli huyu ni tofauti na wengine? Mwaka 2013, Alan Channing wa Afrika Kusini na wenzake wa nchi nyingi walikusanya ushuhuda wote: umbo la mwili, sauti iliyorekodiwa na kupimwa kwa mashine, na maandiko ya urithi yaliyo ndani ya damu na nyama. Wakakuta kwamba nguo moja ilificha watu wengi. Walitoa majina mapya kwa aina sita ambazo mbele yake hazikuwa na jina. Na jina la Laurent kutoka Marungu likasimama.

Si Afrika tu. Kule mashariki ya Marekani kuna vyura wawili wa miti, wa rangi ya kijivu, Hyla versicolor na Hyla chrysoscelis. Kwa macho huwezi kuwatenganisha, hata profesa hawezi. Lakini mmoja ana nyuzi za urithi 24 katika kila chembe ya mwili, na mwenzake ana 48, mara mbili. Bila mashine, ni sikio tu linalosaidia: wote wanaimba sauti ya kutetemeka, lakini wa nyuzi 24 anatetemesha mbio kuliko mwenzake, kama usiku ni wenye joto sawasawa. Majike yao wanajua tofauti ile. Jike anafuata sauti ya dume wa aina yake. Yeye haangalii nguo.

Hapo njo kuna fundisho la kwanza: rangi ni shahidi anayesema mengi na anayedanganya mara nyingi. Usimsikilize peke yake.

MASHAHIDI WATANO

Sasa tushike kazi. Ukimkuta chura juu ya jani, uliza mashahidi watano, mmoja nyuma ya mwingine.

1. Jicho. Angalia mboni, ule mlango mweusi katikati ya jicho. Kwanza umulike kidogo kutoka upande, maana mwangaza mkali unaifunga. Kama mboni imelala sawa ya mbuzi, fikiri Hyperolius ao yule Chiromantis wa kijivu. Kama imesimama sawa ya paka, fikiri wengine: Afrixalus, ambao ni wadogo, wengi wana rangi ya dhahabu ao fedha na mabaka ya kahawia, Leptopelis, wenye kichwa kipana na macho makubwa, ao Kassina, mwenye mistari mieusi, ambaye anatembea chini kuliko kuruka. Jicho halibadili nguo. Ndiyo maana tunalianza.

2. Mkono. Vyura wa miti wengi wana vidonge vidogo mwisho wa vidole, vya kushikia jani. Lakini Chiromantis ana kitu cha pekee: vidole viwili vya ndani vinaelekea upande mmoja na viwili vya inje upande mwingine, naye anashika tawi sawa vile weye unavyoshika mpini wa jembe. Na jihadhari: si kila jamaa ya vyura wa miti anakaa juu ya miti. Leptopelis bocagii wa savana hana vidonge vikubwa, naye anachimba udongo.

3. Koo. Dume ndiye anayeimba, naye ana mfuko wa sauti kooni. Dume wa Hyperolius ana tena kibandiko cha ngozi pale kooni, sawa kiraka. Ukiona kiraka, umejua ni dume. Hapo hutasema kwamba yule mwenye rangi kali aliye pembeni yake ni aina nyingine. Pengine ni mke wake.

4. Mayai. Shahidi huyu ni mzuri sana, na watu wengi wanamsahau. Hyperolius wanabandika mayai yao katika ute juu ya mimea, karibu na maji ao ndani yake. Afrixalus wanaweka mayai juu ya jani, kisha wanalikunja na kuligandisha sawa barua iliyofungwa. Chiromantis jike anapiga ute kwa miguu ya nyuma mpaka uwe povu, sawa mama anayepiga yai la keki, na lile povu linaning'inia juu ya tawi lililo juu ya maji. Ganda lake linakauka, ndani panabaki unyevu, na nyuma ya siku chache watoto wanaanguka majini. Leptopelis wanazika mayai yao katika udongo karibu na maji. Povu ukiliona juu ya mti, usiliogope wala usiliangushe. Ni chumba cha kuzalia.

5. Sauti. Shahidi huyu ndiye mkubwa. Kila aina ina wimbo wake. Kassina anatoa sauti moja ya duara, «kwoip!», sawa tone la maji katika pipa, ao kizibo kinachotoka katika chupa, mmoja akianza, wa mbali wanajibu. Hyperolius wa kundi la viridiflavus wanapiga sauti fupi na safi, na wakiwa mia moja unafikiri ni kengele nyingi. Wale wembamba wa kijani wanakwaruza sawa mdudu. Afrixalus wengi wanalia «zzzz», na watu wanafikiri ni panzi.

Lakini hata sauti inataka akili. Usiku wa baridi chura anaimba polepole. Usiku wa joto anaimba mbio. Ndiyo sababu wataalamu wanaandika pia kiasi cha joto wanaporekodi. Na katika kundi la wale wembamba, sikio letu halitoshi: tofauti nyingine zinapita mbio sana, mashine tu inazihesabu.

NAMNA YA KWENDA NA KURUDI

Enda usiku nyuma ya mvula, kuanzia saa moja ya magaribi. Kijana asiende peke yake. Chukueni mtu mzima, viatu vya mpira, torshi, fimbo, daftari na kalamu ya risasi, maana wino unalia majini. Simu ya mkononi ikiwa na nafasi, inarekodi sauti vizuri. Sema kwanza tarehe, saa na mahali, kisha unyamaze.

Jueni kwamba nyoka pia wanajua vyura wako wapi. Muliza pale unapokanyaga mbele ya kumulika unapotazama. Msikaribie mito yenye mamba, wala mashimo ya zamani ya migodi yaliyojaa maji. Kingo zake zinaporomoka.

Kumpata anayeimba ni kazi ya watu wawili. Ukikaribia ananyamaza. Zima torshi, ngoja. Akianza tena, mmoja anyooshe mkono kutoka upande huu, mwingine kutoka upande ule. Pale mikono inapokutana, njo pale alipo. Halafu angalieni mashahidi watano.

Usimshike kama haiko lazima. Chura anapumua na kunywa kwa ngozi yake. Sabuni, mafuta ya kupaka na dawa ya mbu vinamwumiza. Ikiwa lazima, lowesha mkono kwa maji ya palepale, mshike kidogo, mrudishe pale ulipomtoa. Aina nyingine zina sumu kidogo ngozini, basi usijiguse macho, na nawa mikono mbele ya kula bukari. Tena usimhamishe kutoka dembo hii kwenda dembo ile. Kuna ugonjwa wa kuvu, ulioelezwa na kupewa jina mwaka 1999, ambao umeua vyura wengi katika sehemu nyingi za dunia, na unasafiri kwa maji na potopoto. Osheni viatu na viache vikauke mbele ya kwenda bonde lingine.

Katika daftari uandike ulichoona, si ulichofikiri. Usiandike «Hyperolius fulani» kwa sababu mwenzako amesema. Andika: mboni imelala, kiraka kooni, kijani, mstari mweupe ubavuni, sauti ya kukwaruza, juu ya tete, mvula imekatika saa moja iliyopita. Kisha, kama hujui jina, andika neno hili bila haya: SIJUI. Laurent, Schiøtz na wengine waliacha katika maandiko yao mengi ya namna hiyo, na waliokuja nyuma yao wakaendelea kutoka pale.

KWA NINI SISI WATU WA MIGODI?

Baba mmoja atasema: «Hii mambo ya bachula, itatuletea unga?» Ulizo lake ni la haki, na tulijibu kwa ukweli. Hapana, haitaleta unga. Lakini fikiri maji.

Katika nchi ya shaba na kobalti, maji yanayotoka katika viwanda na marundo ya mabaki yanaweza kubeba asidi na madini. Maji yale mara nyingine yanapendeza kwa macho, kijani ao buluu, safi sawa kioo. Mtoto wa chura, yule mwenye mkia, anaishi ndani ya maji mchana na usiku, ngozi yake haina ulinzi, na shaba nyingi majini inamwua. Na bonde lile lile ndilo ambalo mama anachota maji, na pembeni yake analima mboga.

Tusiseme kupita kiasi. Dembo iliyonyamaza usiku mmoja haionyeshi kitu: pengine ni baridi, pengine mvula imechelewa. Lakini kikundi cha vijana kikienda dembo ile ile, mwezi ule ule, mwaka nyuma ya mwaka, na daftari linaonyesha kwamba sauti nne zilikuwa tatu, kisha moja, kisha hakuna, basi pale kuna ulizo la kupeleka kwa wakubwa. Na kusudi useme «zilikuwa nne», inapashwa ujue kuzitenganisha. Mtu anayesema tu «vyura wamepungua» watamjibu: «Mbona juzi nilisikia chura?» Mwenye daftari hajibiwi hivyo.

Wapo walioanza kazi hii mbele yetu. Mbuga ya taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilichunguzwa na kundi la Gaston-François de Witte kutoka 1946 mpaka 1949. Walikusanya vyura wengi sana, na kitabu juu ya sehemu ya vyura wale, cha Karl Schmidt na Robert Inger, kilitoka mwaka 1959. Kinaonyesha wengine walioimba Upemba wakati nkambo zetu walikuwa wasichana. Lakini juu ya ile dembo ndogo nyuma ya kambi yako, pengine hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Unaweza kuwa wa kwanza.

TURUDI KWA NKAMBO

Siku ile, magaribi yakikaribia, alifika kijana mmoja anayefundisha elimu ya viumbe ku masomo ya parokia. Hakuanza na mahubiri. Aliomba beseni na kipande cha chandarua cha zamani. Akamtoa yule chura mweupe juu ya mti, akamweka ndani ya beseni, katika kivuli, akafunika. Akasema: «Tuikale. Tutaona.»

Watu walikaa, wengine mbali. Jua likashuka. Chura mweupe akaanza kuwa wa majivu, kisha wa udongo. Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu akaonyesha vidole, viwili huku viwili kule, akaeleza juu ya jua na rangi.

Lakini mjomba alisema bado: «Hata akibadilika, ile ya jana ilikuwa ingine.»

Hapo mama ya mtoto akasogea na torshi. Akainama juu ya beseni, akatazama muda mrefu, sawa jana yake.

– Ni yeye, akasema. Jana nilimuangalia sana. Mukono ya kushoto, kidole moya iko fupi. Angalieni.

Wakaangalia. Kilikuwa kifupi.

Mtoto alipelekwa kwa kituo cha afya usiku ule ule. Wakamchoma kidole, wakapima damu: malaria. Akapewa dawa, akapona. Muuguzi aliuliza kwa nini walichelewa siku nzima. Hakuna aliyejibu.

Nkambo alilala kwa mama wa jumuiya ya kanisa muda wa majuma mawili. Kisha mwanae akaenda kumchukua. Amerudi katika lupango. Wajukuu wanakula naye. Mjomba anamsalimia, lakini bado hajamwomba msamaha, na nkambo hajauliza. Tunaandika hivi kwa sababu ni kweli: neno lililotoka kinywani halirudi mbio sawa rangi ya chura.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimletea Adamu wanyama awape majina. Kutoa jina ni kazi tuliyopewa na Muumba, na inataka macho, masikio na uvumilivu. Anayekataa kuangalia vizuri mnyama wa Mungu, kesho atakataa kuangalia vizuri uso wa jirani yake. Na amri ya Mungu juu ya kumsingizia jirani tunaijua sisi sote tangu katekesimu.

Mvula inakaribia. Ukisikia sauti katika dembo, usiseme tena «ni vyura» tu. Simama, hesabu: ni sauti ngapi?

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA VIKUNDI VYA VIJANA

1. Nyuma ya nyumba yenu, mnasikia sauti ngapi mbalimbali usiku wa mvula? Kila mtu aige moja.

2. Katika mashahidi watano, ni nani asiyebadilika kwa jua wala kwa umri? Ni nani anayebadilika kwa baridi?

3. Je, mmewahi kuamini jambo juu ya mtu kwa sababu ya mnyama aliyeonekana nyumbani? Nani aliumia?

4. Mjomba anapashwa kufanya nini sasa?